Ganzi ya mkono kwa fundi wa kiwandani: fidia ipo hata bila ajali

Ndugu yangu, umeuliza kama ganzi ya mkono uliyoipata kwa kushona kiwandani miaka mingi inaweza kufidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania (WCF) ilhali hukupata ajali. Inawezekana, kwa kuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi, na orodha ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 inataja kubanwa kwa mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono.

Ugumu uko kwenye ushahidi, maana ajali ina siku na saa yake, lakini maumivu haya huja polepole, na mwajiri anaweza kudai kwamba yametokana na kufua nguo nyumbani. Kwa hiyo mweleze daktari kazi yenyewe: vipande unavyoshona kwa zamu, mkono unaosukuma kitambaa, na vidole vinavyokufa ganzi usiku. Gumba, cha shahada na cha kati vikiwa na ganzi huku kidole cha mwisho kikiwa kizima, daktari ataitambua dalili hiyo upesi.

Mtaarifu mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Ukiambiwa hukuchangia WCF, jibu kwamba mchango huo hulipwa na mwajiri peke yake.