Notisi Si Kibali: Niliyojifunza Kati ya Seli na Daftari la OCS

Jumanne iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Dada, tunataka kuandamana hadi ofisi za kaunti kuhusu maji. Tukaombe kibali wapi?" Nilisoma ujumbe huo mara tatu. Siku kumi zilikuwa zimepita tangu kesi yangu iondolewe mahakamani, na neno hilo, kibali, ndilo lililonilaza seli siku tatu.

Ndugu yangu, hapa Kenya kibali hakipo. Zamani kilikuwepo. Sheria ya Utulivu wa Umma, ile Sura ya 56, tuliachiwa na mkoloni tangu 1950, na kwa miaka mingi mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Ndiyo maana mkutano wa Saba Saba wa 1990 wa kudai vyama vingi, pale Kamukunji, Nairobi, ulihesabiwa kuwa haramu hata kabla mtu hajafika uwanjani, huku wanasiasa walioongoza wito huo, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakiwa tayari kizuizini. Mageuzi ya 1997 ya IPPG, kundi la wabunge wa chama tawala na wa upinzani, yaliondoa leseni, na tangu hapo unachotakiwa kutoa ni notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi (OCS): siku 3 kabla au zaidi, lakini isizidi siku 14. Kisha Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, ikampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Kila mtu. Hakuna palipoandikwa "kila mheshimiwa".

Sasa nieleze yaliyonikuta.

Soko letu lilikuwa na choo kimoja, na kilifungwa kwa kufuli. Kina mama walikuwa wakilipa ushuru kila asubuhi, kisha wanaomba choo kwenye nyumba za watu. Tuliandika barua kwa kaunti hadi tukachoka, halafu tukaamua kutembea, watu kama arobaini, kutoka sokoni hadi ofisi za kaunti, kuwasilisha malalamiko yetu. Mimi ndiye niliyeandika notisi. Nikaweka jina langu, simu yangu, njia tutakayopita, siku na saa. Sheria inataka mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni; sisi tuliandika saa tatu hadi saa sita mchana. Niliipeleka kituoni Jumatatu, maandamano yakiwa Ijumaa. Afisa wa kaunta aliipokea, akaisoma, akaiweka kwenye droo. Nikashukuru, nikaondoka bila kuomba muhuri. Hapo ndipo nilipokosea, na nitalirudia jambo hili hadi mchoke.

Ijumaa hatukufika hata mzunguko wa kwanza wa barabara. "Mna kibali?" Nikasema, afande, tulileta notisi Jumatatu. "Nimekuuliza kibali." Vitoa machozi vikaanza kabla sijamaliza sentensi ya pili. Tulikamatwa saba. Mmoja wetu alikuwa mama mboga ambaye hata hakuwa kwenye maandamano; alikuwa akikusanya nyanya zake zilizomwagika. Yule mama bado ananiuma. Alinitazama ndani ya lori la polisi bila kusema lolote, na ningependa angenitukana.

Shtaka: kushiriki mkusanyiko haramu, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu. Sasa sikiliza hesabu ya siku, maana huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko wote. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, unasubiri siku ya mahakama inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa asubuhi, korti ni Jumatatu. Tulichagua Ijumaa kwa sababu soko huwa na watu wengi. Usiandamane Ijumaa. Andamana Jumanne.

Jumapili alasiri, tukiwa seli, tulisikia vuvuzela. Kisha spika. Kisha ving'ora, nami nikadhani ni ambulensi. Ulikuwa msafara wa mwanasiasa mmoja wa eneo letu, pikipiki zaidi ya mia, barabara yote imezibwa, gari la polisi likitangulia kuwafungulia njia. Walipita mbele ya kituo. Ukuta ulitetemeka kwa muziki. Yule mama mboga akauliza kwa upole kabisa: "Hao nao walipeleka karatasi?"

Sikuwa na jibu, na sababu yake inanilazimu kuungama. Mwaka 2017 mimi ndiye niliyekuwa juu ya gari la namna hiyo. Nilikuwa mhamasishaji wa vijana wa mgombea mmoja. Tulifunga barabara, tulipita usiku, tulipiga muziki nje ya hospitali. Katika miezi yote ile sikuwahi kusikia mtu akitaja notisi. Afande mmoja hata alinisaidia kubeba spika. Niliamini ni kwa sababu tunapendwa. Miaka ilipita kabla sijajua kuwa sheria ilikuwepo siku zote zile, ila haikuwa ikinitazama mimi.

Nilipotoka kwa dhamana ya Sh20,000 pesa taslimu (mchango wa soko zima, nao walikuwa hawana), nilikaa na Sura ya 56 nikaisoma neno kwa neno. Humo nikakuta jambo ambalo wanaharakati wengi ninaowajua hawalijui. Sheria inamwagiza mkuu wa kituo kuweka rekodi ya umma ya notisi zote alizopokea, na rekodi hiyo iwe wazi kukaguliwa na mtu yeyote saa za kazi, kwa kulipa ada iliyowekwa. Mtu yeyote! Nilirudi kituoni. "Daftari gani?" Nikarudi tena, na nakala ya sheria mkononi. Mara ya tatu nikaongeza barua ya kuomba habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba, nikiwakumbusha kuwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kunijibu. Daftari likaletwa. Notisi yetu ilikuwemo, tarehe ya Jumatatu, kwa mwandiko wa yule yule afisa wa kaunta. Ya msafara wa Jumapili haikuwemo.

Walionitetea wataniruhusu nijivunie kidogo: ukurasa ule ndio ulioivunja kesi. Ilitajwa mara tisa, shahidi wa upande wa mashtaka hakuwahi kufika, na siku wakili wetu alipoomba daftari liletwe mahakamani, mwendesha mashtaka aliomba kuiondoa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hakimu akatuachilia. Tulishangilia nje hadi wakili alipotueleza kwamba kuondolewa kwa namna hiyo hakuzuii kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Kwa hiyo naandika haya nikiwa huru, lakini kwa mashaka.

Watu huniuliza kama ninachukia chama fulani. Hapana. Kumbukeni 2023: viongozi wa Azimio, muungano wa upinzani, walikuwa wakirushiwa vitoa machozi barabarani, na kufikia 2024 baadhi ya vigogo wa ODM, chama kikuu ndani ya Azimio, walikuwa wameingia baraza la mawaziri. Walioko ndani hubadilika, na sheria hubadilisha macho pamoja nao. Oktoba 2017 serikali ilipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, mahakama ikasimamisha. Julai 2024 polisi walipiga marufuku tena katikati ya Nairobi, mahakama ikasimamisha tena. Na Juni 17, 2025, sote tuliona picha za wanaume wenye rungu na mijeledi wakipita kwa pikipiki jijini Nairobi, wakipiga waandamanaji huku polisi wakiwa papo hapo. Katiba inasema bila silaha. Bendera na chupa ya maji vilihesabiwa kuwa hatari, rungu ikapita.

Kuna mlango mwingine wanaoutumia. Sheria haihitaji notisi kwa mikusanyiko ya kidini, kijamii au ya hisani pekee. Ndiyo maana mkutano wa kisiasa huitwa ibada ya shukrani au harambee, na hotuba za kampeni huanza baada ya maombi. Sisi tukikutana kwa choo cha soko tunaambiwa ni siasa.

Basi, kijana wangu, sikiliza. Peleka notisi mapema, siku saba au nane kabla. Pata muhuri. Wakikataa kupiga muhuri, omba iandikwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo, na uchukue nambari. Piga picha nakala. Ukiambiwa mkutano umezuiwa, uliza sababu, kwa maandishi: je, kuna notisi nyingine ya mahali na saa ile ile, au kuna hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani? Zaidi ya hapo OCS hana la kukuzuilia. Waambie watu wako wasiokote hata jiwe la kutegea bango. Kuwa na wakili anayejua mko wapi. Na muhuri, tafadhali. Pata muhuri.

Wala usijione mjinga kwa kufuata sheria ambayo wengine wanairuka. Wapo watakaokucheka, watakuambia karatasi haimzuii askari. Kweli, haimzuii. Lakini bila karatasi yetu katika daftari lile, nafasi tupu ya Jumapili isingesema kitu. Tunaodai usawa tuna deni la kuwa safi, hata kama deni hilo halidaiwi kwa wote, na ninyi mlio kwenye magari yenye spika leo, kama nilivyokuwa mimi, ulizeni notisi iko wapi kabla injini haijawashwa.

Choo kilifunguliwa mwezi wa nne. Yule mama mboga ameniambia hataandamana tena, na sikumbembeleza.

Mheshimiwa naye, yule wa msafara, ametangaza mkutano Jumapili ijayo. Kwa hesabu ya siku tatu, notisi yake inapaswa kuwa daftarini kufikia Alhamisi. Ijumaa asubuhi nitakuwa pale kaunta, na ada yangu mkononi.