Maswali na majibu: Jerry Rice hakuwa na mbio, rekodi zile alizipataje?

SWALI: Kocha, salaam. Sisi ni familia ya Kigoma, tunaishi Ohio. Kijana wangu ana miaka 16 na anacheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya shule, nafasi ya mpokeaji, yule anayekimbia pembeni kudaka mpira unaorushwa. Juzi walipimwa mbio za yadi 40 akapata sekunde 4.75, akaambiwa kwa kasi hiyo vyuo havitamtazama. Tangu siku hiyo hana raha. Baba yake anamtajia Jerry Rice, mpokeaji maarufu wa zamani, kwamba naye hakuwa na mbio na hadi leo rekodi zake hazijavunjwa. Ni kweli, au ni maneno ya kumliwaza mtoto? Kama ni kweli, aliwezaje, na kijana afanye mazoezi gani? La mwisho: wenzake wanasema Rice alikuwa anapaka gundi kwenye glavu, naye anataka kujaribu. Inaruhusiwa?

JIBU: Salaam zimefika, mama, na kijana mpe pole. Baba yake hajamdanganya. Muda wa Rice unaotajwa tangu alipotoka chuo mwaka 1985 ni kati ya sekunde 4.6 na 4.7, katika kazi ambayo wenye mbio hasa hukimbia 4.3 au 4.4. Mtu huyo alistaafu akiwa amedaka mipira 1,549, amesogeza mpira yadi 22,895 na kufunga tachidauni 208 (yaani kuufikisha mpira eneo la kufungia), ambazo 197 kati yake ni za kudaka. Anayemfuata kwa yadi, Larry Fitzgerald, alicheza misimu 17 akaishia 17,492.

Lakini kuna jambo baba yake ameliruka, na ndilo litakalomsaidia kijana. Rice alikuwa na mbio, tena mbio za kutisha. Ni kipimo kile tu ambacho hakizioni.

Tazama yadi 40 zinavyokimbiwa. Kijana anainama, anaondoka mwenyewe anapotaka, anakwenda moja kwa moja kama mita 36 na nusu, hana mtu mbele yake na hana kitu mkononi. Uwanjani mpokeaji hapati nafasi hiyo. Anaondoka mpira unapotolewa, mlinzi kasimama mbele yake, anakwenda hatua tano au saba, anageuka ghafla, halafu anadaka huku akijua anakuja kukumbwa. Kinachompa nafasi ni jinsi anavyopunguza mwendo na kuurudisha, na kama mlinzi anaweza kuona dalili kabla hajageuka. Wachezaji wengi wa 4.3 wanapokaribia kugeuka huanza kukanyaga hatua fupi fupi, wanainua kifua, wanatupa macho kule wanakokwenda. Mlinzi mzuri akiona hayo ameshajua. Rice alikuwa akikimbia njia zake zote kwa mwendo uleule na kwa mwili uleule hadi hatua ya mwisho, kisha anakata. Mlinzi wa 4.4 aliyechelewa kugeuka nusu sekunde amepoteza zaidi ya alichomzidi Rice kwa saa.

Na mpira ukishakuwa mikononi mwake, wale walioitwa wepesi hawakumfikia. Katika Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya kulipwa, NFL, ya Januari 1995, timu yake San Francisco 49ers ikicheza na San Diego, mchezo (yaani jaribio moja la kusogeza mpira) wa tatu tu tangu kipenga, alidaka akafunga kutoka yadi 44. Alimaliza siku hiyo na tachidauni tatu, akiwa na miaka 32.

Sasa alivyofika huko. Alizaliwa mwaka 1962 jimbo la Mississippi, akakulia kijiji kidogo kiitwacho Crawford. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na watoto wa kiume walifanya kazi naye. Ndugu zake walimrushia matofali akiwa juu ya jukwaa, yeye anayadaka na kuyapanga. Watu wanapenda kuisimulia hadithi hii kana kwamba matofali ndiyo yaliyompa mikono. Mimi naona kilichomjenga zaidi ni kule kufanya kazi ngumu kwenye jua la Mississippi tangu utotoni, maana hilo ndilo lililoonekana katika mazoezi yake miaka yote iliyofuata.

Vyuo vikubwa havikumtaka. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha watu weusi katika mji wa Itta Bena, ambako kocha Archie Cooley alikuwa na wazo la ajabu kwa wakati ule: kurusha mpira karibu kila mchezo, wapokeaji wamepangwa wengi upande mmoja. Mrushaji wake alikuwa Willie Totten. Mwaka 1984 Rice alifunga tachidauni 27 za kudaka. Mwezi Oktoba mwaka huo Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, alikuwa hotelini Houston akisubiri mechi, akawasha televisheni, akamwona kijana asiyemjua akiwaacha walinzi. Kwenye uteuzi wa 1985, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni, Walsh alibadilishana nafasi na New England ili apande hadi namba 16 amchukue. Wapokeaji wawili, Al Toon na Eddie Brown, walikuwa wameshachaguliwa kabla yake. Mwambie kijana hili: timu zilizompita zilikuwa na saa ileile na muda uleule wa Rice. Walsh alichokuwa nacho zaidi ni macho.

Mwaka wake wa kwanza haukuwa mzuri hata kidogo mwanzoni. Alidondosha mipira iliyomfika mikononi, na mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Shida haikuwa mikono. Kitabu cha mipango ya uchezaji cha Walsh kilikuwa kinene, na mpokeaji anayefikiria aende wapi hawezi kudaka kwa utulivu. Desemba 1985 mambo yalifunguka: dhidi ya Los Angeles Rams alidaka mipira 10 kwa yadi 241. Msimu uliofuata akapata yadi 1,570.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu mfumo wa Walsh ndio uliogeuza usahihi wa hatua za Rice kuwa rekodi. Katika mfumo ule mrushaji anarudi nyuma hatua tatu au tano, na mguu wa mwisho ukikanyaga mpira unatoka, hata kama mpokeaji hajageuka bado. Ni kama kiungo wa soka anayepiga pasi ya kupenyeza mahali ambapo mshambuliaji hajafika. Ndiyo maana mpokeaji lazima ahesabu hatua zake. Akitakiwa kukata ndani kwa mshazari baada ya hatua ya tatu, akakata baada ya ya nne, mpira umeshapita au umeshadakwa na adui. Joe Montana, mrushaji wa 49ers, alimwamini Rice kwa sababu Rice alikuwa pale kila mara. Na pasi hizo zilikuwa fupi, zilimkuta akiwa kwenye mwendo, kwa hiyo yadi nyingi alizipata kwa miguu baada ya kudaka. Super Bowl ya Januari 1989 dhidi ya Cincinnati ndiyo mfano ninaowaonyesha vijana wangu: mipira 11, yadi 215, akachaguliwa mchezaji bora. Zikiwa zimebaki dakika tatu na ushee, timu yake ilianza safari ya yadi 92 huku iko nyuma. Rice alidaka mara tatu katika safari hiyo, mojawapo ya yadi 27. Tachidauni ya ushindi alipewa mpokeaji mwenzake, John Taylor, huku walinzi wakiwa na wasiwasi na Rice.

Kuna wasemao alibebwa na Montana. Jibu lao ni Steve Young, mrushaji aliyerithi nafasi ya Montana. Young alikuwa wa mkono wa kushoto, na mpira wa mkono wa kushoto unazunguka kinyume. Wapokeaji wengi huhangaika nao. Rice alidaka tachidauni 55 za Montana na 85 za Young. Msimu wake mkubwa kuliko yote kwa yadi, 1,848, ni wa 1995, Montana akiwa ameshastaafu.

Kuhusu rekodi kutovunjwa, ni kweli kwa zile za jumla ya maisha. Za msimu mmoja zimemtoka: yadi zilichukuliwa na Calvin Johnson mwaka 2012 kwa 1,964, na tachidauni 22 za mwaka 1987 alizipita Randy Moss kwa moja mwaka 2007. Ila zile 22 Rice alizifunga katika mechi 12, kwa sababu ya mgomo wa wachezaji, na Moss alihitaji 16. Za jumla ni hesabu nyingine kabisa. Chukua mpokeaji bora wa leo, mpe yadi 1,400 kila mwaka kwa miaka 16 mfululizo bila kuugua. Atakuwa na 22,400. Bado hajafika. Na ligi siku hizi ina mechi 17 kwa msimu, na sheria zinambana mlinzi kuliko zamani.

Siri ya hesabu hiyo ni uzima. Rice alicheza mechi 303 katika misimu 20. Ukiacha mgomo wa 1987, kuanzia 1985 hadi 1996 hakukosa mechi hata moja ya msimu. Agosti 1997 kule Tampa goti la kushoto lilikatika kano. Akarudi Desemba mwaka uleule, akafunga tachidauni, na katika mchezo huohuo kifuniko cha goti kikapasuka. Mimi kama kocha siwezi kusifu kurudi mapema namna ile, na kijana wako asiige. Lakini kuanzia 1998 alicheza mechi zote 16 kila mwaka hadi 2003, na 2004 akacheza 17, kwa sababu alihamishwa katikati ya msimu kutoka Oakland kwenda Seattle na mapumziko ya timu hizo hayakugongana. Yadi alizopata baada ya goti lile ni zaidi ya 6,000. Mwaka 2002, msimu aliotimiza miaka 40, alipata 1,211 akafika Super Bowl na Oakland.

Uzima huo aliufanyia kazi. Wakati wa likizo alikuwa akipanda mbio kilima cha Edgewood Park, San Carlos, njia ya kilometa nne hivi. Wenzake wengi waliojaribu kumfuata waliacha. Na mazoezini, kila alipodaka mpira, hata wa yadi tano, alikimbia nao hadi kwenye eneo la kufungia kabla ya kurudi. Makocha wa leo tungemwambia apunguze kidogo, lakini ile tabia ya kugeuza kila mdako kuwa mbio ndiyo unayoiona kwenye zile yadi.

Mazoezi ya kijana basi. Mbio za yadi 40 aendelee nazo, kwa sababu vyuo vitampima tu, na 4.75 kwa mtoto wa miaka 16 itashuka yenyewe mwili ukikomaa. Ila asitumie zaidi ya siku moja kwa wiki kuifukuza saa. Siku nyingine afanye kazi ya kusimama na kugeuka: akimbie kwa nguvu yadi 10, ashushe nyonga, asimame kwa hatua zisizozidi tatu, arudi. Mtu amchukue video kwa simu kutoka mbele, mahali anaposimama mlinzi, kisha waitazame pamoja bila sauti. Kama ninyi mnaotazama mnaweza kubashiri anageukia wapi kabla hajageuka, mlinzi naye ataweza. Arudie hadi msiweze. Kudaka adake kwa vidole mbele ya mwili, si kifuani, na macho yabaki kwenye mpira hadi autie kwapani. Mipira 100 kwa siku inatosha, mingine kutoka kwa mtu wa mkono wa kushoto kama mnaye.

Halafu akusanye video za mechi, zile zinazoonyesha njia nzima anayokimbia, hata alipokuwa hakupewa pasi. Makocha wa vyuo vidogo huangalia hizo kwa makini sana. Na kwa kuwa mko Ohio, Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya kulipwa uko Canton. Rice aliingizwa humo mwaka 2010. Mpelekeni siku moja.

Gundi, hapana. NFL iliipiga marufuku mwaka 1981, na sheria za sekondari nazo haziruhusu kitu chochote cha kunata mikononi wala kwenye glavu. Rice mwenyewe mwaka 2015 alisema hadharani kwamba alikuwa akipulizia kidogo kwenye glavu zake, watu wakamlaumu, akaomba radhi. Alikosea, na mimi ninayemheshimu kuliko mpokeaji mwingine yeyote siwezi kulifunika hilo mbele ya mtoto. Mwamuzi akimkuta kijana nayo, timu yake itaadhibiwa. Zaidi ya hapo haihitaji, kwa kuwa glavu halali zinazouzwa sasa zinashika vizuri mno. Nusu ya mipira yake 100 aidake mikono mitupu, avae glavu kwa nusu iliyobaki.