Kuhusu kichwa chako na presha yangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma mara mbili chini ya mwarobaini, nikaona si jambo la kujibu kwa simu huku mtandao ukikatika. Umeuliza kama kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayokushika kila ukikaribia siku zako, umekirithi kwangu, na kama ndicho kilichoniletea presha. Mwishoni ukagusia kwamba unafikiria kuanza vidonge vya majira. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Umesema kabla maumivu hayajaanza unaona vimulimuli, mstari wa kukunjakunja unaometameta pembeni mwa jicho, kama nusu saa hivi, kisha unatoweka. Hilo mwambie mhudumu kabla hajakupa chochote. Kipandauso chenye vimulimuli vya namna hiyo huongeza uwezekano wa kiharusi takriban mara 2. Kwa umri wako uwezekano wenyewe ni mdogo sana, usiogope. Lakini vidonge vya majira vya homoni mbili vina estrojeni, homoni ya kike, nayo huifanya damu igande kwa urahisi zaidi. Kwa nini urundike hatari juu ya hatari? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke mwenye dalili hiyo asivitumie. Kitanzi cha shaba hakina homoni, na kijiti kina projestini peke yake, ile homoni nyingine, bila estrojeni, kwa hiyo njia zipo. Mimi nilimeza majira miaka 3 bila yeyote kuniuliza kama kichwa huniuma, na sikujua kwamba ni jambo la kusema.

La kurithi, ndiyo. Kipandauso hutembea katika familia. Bibi yako kule Kongwa alikuwa akijifunga khanga kichwani na kujifungia ndani, nasi tukikatazwa kutwanga uani. Watu walisema ni jua la Ugogo. Jua huchangia, na kiu, na kushinda njaa. Lakini mbona watoto wa kike na wa kiume huumwa karibu sawa, kisha baada ya kubalehe wanawake wanafikia mara 3 ya wanaume? Ni homoni. Siku chache kabla ya hedhi estrojeni hushuka ghafla, na ubongo wenye asili ya kipandauso hauvumilii mshuko huo. Ndiyo maana chako huja siku 2 kabla ya damu, au ndani ya siku 3 za kwanza. Kwenye zahanati moja niliwahi kuambiwa ni "mambo ya wanawake" nikarudishwa nyumbani. Wewe usikubali jibu hilo.

Nilipokuwa na mimba yako kichwa kilitulia kabisa miezi ya katikati, kwa sababu homoni zilipanda na hazikuyumba. Mwezi wa 8 kikarudi kikali, macho yakaona ukungu, uso ukavimba. Nikadhani ni kilekile, nikalala na kitambaa cha maji usoni siku nzima. Kumbe presha ilikuwa imepanda, nakaribia kifafa cha mimba, na wewe ukatolewa kwa upasuaji kabla ya wakati. Ukija kubeba mimba, kichwa kikali baada ya wiki ya 20 usikiite kipandauso mpaka mtu akupime presha.

Nilidhani yale yaliisha ulipozaliwa. Nina miaka 53 ndipo daktari wa kliniki ya presha akaniuliza habari za mimba zangu, akanieleza kwamba mwanamke aliyepitia hali ile hubeba uwezekano wa ugonjwa wa moyo kama mara 2 ya mwenzake, hata miaka mingi baadaye. Kuanzia miaka 46 hedhi ilipoanza kuruka, kichwa kilinitesa kuliko wakati wowote. Ilipokoma, kikaniacha. Nikamshukuru Mungu, nikaacha na kwenda kupima. Kumbe bila estrojeni mishipa hukakamaa na lehemu mbaya, mafuta ya kwenye damu, hupanda, kimyakimya, bila kichwa kuuma hata kidogo. Siku niliyopimwa presha ilikuwa 168 kwa 102. Kwa hiyo sisemi kipandauso ndicho kilicholeta presha. Diklofenaki nilizomeza ovyo miaka yote hiyo nazo hazikunisaidia, maana hupandisha presha, na dawa za maumivu zikizidi siku 15 kwa mwezi huzaa maumivu mengine ya kichwa.

Na nikikupigia siku moja nikasema nimechoka kupita kawaida, pumzi haitoshi, taya au mgongo unauma, usiniambie nipumzike. Moyo wa mwanamke mara nyingi hulalamika hivyo, wakati mwingine bila kifua kubana. Mpigie kaka yako anipeleke hospitali saa hiyohiyo.

Anza leo kuandika kwenye daftari: tarehe ya hedhi, tarehe ya kichwa, vimulimuli vilikuwepo au la, umemeza nini. Miezi 3 inatosha kumwonyesha daktari. Pasaka ukija na treni, ulilete. Tutapita kupimwa presha wote wawili kabla hatujafika nyumbani, mlenda utakusubiri.

Mama yako,
Dodoma