Kumtafuta babu aliyefia kifungoni

Mwanangu, umesema ndugu wa babu yako, baharia wa Lamu kwenye meli ya Kiingereza, alitekwa na Wajerumani Vita vya Pili vya Dunia, akafia huko.

Anza na jina, maana hapo ndipo wengi hukwama. Karani wa Kizungu aliandika alivyosikia: Mohamed akawa Mahomed, Athman akawa Osman. Tafuta kila namna kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Iko kwenye intaneti, bure. Mabaharia wengi waliotekwa walifungwa Milag Nord, kambi ya mabaharia karibu na Bremen, Ujerumani, na mafaili ya mateka yako Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, fungu BT 373. Msalaba Mwekundu wa Geneva nao wana kadi za mateka, ila majibu hukawia mno.

Wazee wanaikumbuka meli yake? Waulize leo.