Maswali ya Wasomaji: Nukta ya mwanangu imesimama katikati ya bahari

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anafanya kazi ya kushona matanga mjini Sydney, na mwaka huu amechukuliwa kuwa baharia katika mashua ya futi 40 itakayoshiriki mashindano ya kutoka Sydney hadi Hobart. Ametutumia ramani ya intaneti ambamo kila mashua huonekana kama nukta ya rangi. Katika mashindano madogo ya majaribio nukta yake ilisimama mahali pamoja karibu usiku kucha, nami sikula wala sikulala mpaka aliponipigia simu huku akicheka. Nifuateje safari hii bila ya kuugua, na nitajuaje kwamba mambo yamekwenda mrama kweli?
Mama Baharia, Tanga

JIBU: Mama, pokea salamu zetu. Tuanze na hiyo nukta, kwa kuwa ndiyo iliyokunyima usingizi. Kila mashua hufungiwa kifaa kidogo kinachotuma habari za mahali ilipo kwa njia ya setilaiti kila baada ya muda fulani, na ramani huonyesha tu pale mashua ilipokuwa kifaa kilipotuma habari mara ya mwisho. Betri ikiisha, au ujumbe ukipotea njiani, nukta itaganda ilhali mashua inaendelea na safari yake. Wakati mwingine, bila shaka, mashua yenyewe imesimama kwa sababu upepo umekufa, jambo ambalo kwa mwenye kushindana ni adha lakini kwa mzazi lingepaswa kuwa nafuu. Kwa hiyo, kabla hujataharuki, bonyeza nukta usome saa ya ujumbe wa mwisho, kisha uzitazame mashua za jirani: ikiwa zote zinajikokota, basi bahari ni shwari, na mwanao anaota jua akisubiri upepo kama wenzake. Wala njia yenye meno kama ya msumeno isikutie hofu, kwani hapo mashua inakwenda bisho, yaani inapinda huku na huku ili kupanda dhidi ya upepo, na hilo watu wa Tanga hawana haja ya kufundishwa.

Jambo la pili ni saa. Mashindano huanza tarehe 26 Desemba saa 7:00 mchana kwa saa za Sydney, ambayo kwako ni saa 11:00 alfajiri. Tofauti hiyo ya saa nane ina maana kwamba giza lao huingia wewe ukiwa unapakua chakula cha mchana, na kwao hupambazuka wakati wewe unajiandaa kulala. Wazazi wengi huku kwetu hukesha wakidhani wanakesha pamoja na watoto wao, kumbe watoto wako kwenye mwanga wa asubuhi. Lala, Mama. Mashua ya ukubwa huo huchukua siku tatu hadi tano au zaidi, na hakuna moyo unaoweza kukodolea skrini macho muda wote huo.

Sasa nije kwenye njia yenyewe, maana sitaki kukuficha. Ni maili 628 za baharini, takribani kilomita 1,163. Sehemu ya kwanza huteremka kusini kwa kufuata pwani ya New South Wales, ambako mkondo wa bahari nao hutiririka kuelekea kusini. Mashua huupenda kwa sababu huzisukuma, lakini upepo mkali wa kusini ukivuma kuukabili mkondo huo, mawimbi hukaribiana, huinuka juu na kuwa na kuta wima. Baada ya hapo huja Mlango-Bahari wa Bass, kati ya bara la Australia na kisiwa cha Tasmania (uliko mji wa Hobart), ambao kina chake ni kifupi na kwa hiyo mawimbi ya bahari kuu yakiingia humo hupanda na kuvunjika. Hapo ndipo tufani ya mwaka 1998 ilipozikuta mashua: kati ya 115 zilizoanza ni 44 tu zilizomaliza, tano zilizama, mabaharia 55 waliokolewa na sita walifariki. Mwaka 2024 pia mabaharia wawili walifariki, kila mmoja katika mashua yake, kwa ajali zilizotokana na tanga kuu na vifaa vyake. Mwingine aliyetupwa baharini usiku uleule alipatikana akiwa hai.

Baada ya mwaka 1998 kanuni zilikazwa. Kabla ya kuingia Mlango wa Bass, kila mashua hutakiwa kuita kwa redio ikiwa karibu na rasi iitwayo Green Cape, na kutamka kwamba redio yake inafanya kazi, mashua ya mpira ya kuokolea imo, injini na betri ni nzima, chombo na mabaharia wako katika hali nzuri, na nahodha ameutafakari utabiri wa karibuni wa hali ya hewa. Mimi binafsi naona kanuni hiyo ni bora kuliko nyingine zote, kwa sababu humlazimisha nahodha kusimama na kujiuliza akiwa bado ana pa kukimbilia. Bandari ya Eden iko karibu. Ukiona nukta ya mwanao imegeuka kuelekea Eden na jina la mashua limeandikwa kuwa limejitoa, usilie. Mara nyingi ni tanga lililochanika, usukani uliolegea, au nahodha mwenye akili.

Na ikiwa ni hatari ya kweli? Ramani ile haikutengenezwa kwa ajili ya uokoaji. Mashua hubeba redio ya dharura ambayo ikiwashwa hupeleka ishara kwa setilaiti za uokoaji, na ishara hiyo hufika katika kituo cha uokoaji cha mamlaka ya usalama wa bahari ya Australia, mjini Canberra. Kifaa hicho husajiliwa pamoja na namba za simu za watu wa kuulizwa. Basi muulize mwanao leo, si usiku wa tufani, ni namba za nani zilizoandikwa, nanyi mchague mtu mmoja tu wa kuzungumza na watu wa Sydney na kuwaeleza wengine. Familia kubwa ikipiga simu kila mtu kwa wakati wake, uvumi huzaliwa humo humo ndani ya nyumba.

Ukimya nao si habari mbaya. Katika mashindano ya kwanza kabisa, mwaka 1945, mashua iitwayo Rani haikuonekana wala kusikika baada ya dhoruba, na watu wakaihofia kuwa imepotea. Ilipojitokeza karibu na Tasmania ilikuwa imewatangulia wote, ikashinda.

SWALI: Mdogo wangu yumo katika mashua ndogo. Je, kuna haja gani ya kufuatilia ikiwa zile kubwa za futi 100 zitatangulia siku mbili?
Kaka Mtu, Dubai

JIBU: Kuna haja kubwa. Mashua inayofika kwanza ina heshima yake, lakini kombe kuu hutolewa kwa muda uliorekebishwa kulingana na ukubwa na uwezo wa kila mashua. Kwa hiyo usiitazame nafasi yake kati ya nukta zote, bali katika jedwali la muda huo. Mashua ya mdogo wako inaweza kuongoza ikiwa ingali mbali na Hobart.

SWALI: Nataka kwenda Hobart kumpokea mume wangu. Nikate tiketi ya kurudi tarehe ngapi?
Msomaji, Melbourne

JIBU: Usikate ya tarehe isiyobadilika. Mashua zikishaingia Mto Derwent huwa zimebakiwa na maili chache tu, lakini upepo wa mto huo hufa mara nyingi usiku, na mashua iliyotarajiwa saa 4:00 usiku inaweza kufika asubuhi. Mwaka 2023 mashua iitwayo LawConnect iliipita mwenzake Andoo Comanche mtoni humo humo ikaitangulia kwa sekunde 51. Mstari wa kumalizia uko karibu na Battery Point, na baada ya hapo mashua nyingi hufungwa kwenye gati la Constitution Dock. Msubiri huko, ukiwa na nguo kavu na chakula cha moto.