Salfa, mkutano wa kijiji na kalenda ya halmashauri: jibu kwa msomaji wa Tandahimba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tandahimba, aliyemaliza diploma ya kilimo akarudi kwao, ameniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nilisimama mkutano wa kijiji nikaeleza habari ya kupogolea mikorosho na kipimo cha salfa, watu wakanizomea. Mtendaji akasema hana maelekezo kutoka juu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kuzomewa kunauma, hasa ukiwa na uhakika kwamba unachosema ni kweli. Lakini ukweli peke yake haujawahi kupitisha azimio katika kijiji chochote. Huku kwetu Mtwara na Lindi, matokeo ya utafiti yanageuka kuwa uamuzi pale watu wanapoyaona kwenye mikorosho yao wenyewe, na yanapofika mezani katika mwezi ambao meza hiyo inaamua. Ukikosa kimojawapo, utabaki na karatasi zako.

Kabla ya kuwalaumu wazee, fahamu wanakumbuka nini. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka hadi chini ya tani 20,000. Wataalamu walitaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaounguza maua ya mkorosho na unaokingwa kwa salfa, ulioonekana mikoa hii mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima walitaja bei mbovu, na walitaja kuhamishiwa vijijini miaka ya 1974 na 1975, mashamba yakabaki mbali na nyumba, yakafunikwa na pori. Wote walikuwa sahihi. Mkulima ambaye bei haimlipi hapalilii, na mkorosho usiopaliliwa wala kupogolewa ni nyumba ya ukungu. Kwa hiyo mzee akikuuliza bei wakati wewe unaeleza ugonjwa, hajatoka nje ya mada. Mjibu la bei kwanza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Watu hawaamini kipimo walichosomewa, wanaamini mti wanaoupita kila asubuhi. Tafuta shamba lililo kando ya njia ya kwenda kisimani, shuleni au ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), hata kama si zuri kuliko yote. Chagua mikorosho 20 ya umri mmoja na ukubwa unaokaribiana. Kumi na sita ipulizwe, minne iachwe bila salfa. Mwenye shamba atakataa kuacha minne, na ana haki, kwa sababu ni chakula chake. Kubalianeni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba pengo la kilo kwa miti hiyo minne litafidiwa, na useme litafidiwa na nani. Usipofanya hivyo, usiku mmoja atakwenda kuipuliza mwenyewe na mfano wako utakuwa umekufa.

Hapo pana kosa ambalo wengi wanalifanya. Salfa ya unga inasafiri na upepo, na kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wetu ni kusi. Ukiacha miti isiyopulizwa upande wa kaskazini wa shamba, vumbi litaifuata, nayo itapona nusu, kisha mkulima atakwambia, "Mbona hata usiyopuliza imezaa?" Iache upande wa kusini, upepo unakotokea, na uruke safu mbili tatu kati yake na iliyopulizwa.

Kipimo ni robo kilo kwa mkorosho mkubwa kwa kila mzunguko. Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia mikorosho 28, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kilo 7 kwa ekari. Mfuko wa kilo 25 unamaliza miti 100 mara moja. Hesabu hii iandike kwa chaki ubaoni kwenye ofisi ya kijiji, kwa sababu ndiyo itakayoonyesha baadaye kama mifuko iliyogawiwa inatosha au haitoshi. Puliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia. Jua likishapanda, unga unapaa angani na kwenda kwa jirani. Anayebeba mashine azibe pua na mdomo na avae miwani, maana salfa inawasha macho na kifua.

Salfa inakinga, haifufui. Wengi hungoja mpaka maua yawe meupe kwa ukungu ndipo wakimbilie dukani, halafu wanasema salfa ni feki. Simama chini ya mti mwezi Julai, vuta shada moja karibu na jicho. Shada lenye afya lina maua ya waridi yanayofunguka na harufu tamu. Lililoshikwa linaonekana kama limenyunyiziwa unga wa muhogo. Ukipangusa kwa kidole, unga unatoka, na chini yake vikonyo vimekuwa vya kahawia, maua hayafunguki tena. Shada hilo halirudi hata ulimwagie mfuko mzima. Kazi ya salfa ni kulilinda lile linalochipua kesho.

Tenganisha pia ubwiriunga na mbu wa mikorosho. Huyu ni mdudu anayefyonza machipukizi laini na kuacha madoa meusi marefu, kisha ncha ya tawi inakauka kama imepitiwa na moto. Salfa haimgusi. Nusu ya malalamiko ya "salfa haifanyi kazi" ninayoyasikia ni mbu, na mtaalamu asiyejua kutofautisha anapoteza imani ya kijiji kwa siku moja. Na mbu huyo ana adui wake wa asili, maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Wachumaji hawawapendi kwa sababu wanauma, wengine wanachoma viota vyao. Waoneshe mti wenye maji moto na usio nao, umbali wa hatua chache. Ukihubiri tu kwamba chungu wana faida, anayeumwa kila siku hatakuelewa.

Kuhesabu usikufanye peke yako. Funga kitambaa kwenye mashada 5 kila upande wa mti, pande nne, jumla 20. Kila baada ya wiki mbili nenda na watu watatu: mkulima anayekupinga, mama mmoja wa kikundi cha akiba na mkopo, na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Wao waseme: safi, limeguswa, limekufa. Wewe andika tu. Nasisitiza huyu anayekupinga. Namba iliyotoka mdomoni mwake haitazomewa mkutanoni, kwa sababu ataitetea mwenyewe. Wakati wa mavuno pimeni korosho kwa mizani ya AMCOS, si kwa bakuli wala debe. Kila mtu huku anajua kangomba, ulanguzi wa korosho kwa vipimo vya bakuli, imewafanyia nini wakulima, kwa hiyo kipimo cha bakuli kitaua hoja yako hata kama umehesabu vizuri.

Sema na mabaya pia. Salfa ikianguka ardhini, vijidudu vya udongo vinaigeuza tindikali, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuizuia. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, walilieleza hilo zamani. Hii ndiyo sehemu ambayo mkulima mmoja hawezi kuimaliza shambani kwake. Pembejeo ikiletwa bure au kwa ruzuku bila kipimo, mtu anapuliza mizunguko sita ambapo minne ingetosha, na hasara ya udongo itawaangukia wajukuu. Ruzuku iende na elimu ya kipimo, na udongo upimwe kila baada ya miaka michache. Ukilificha jambo hili ili salfa ionekane nzuri, siku mtu atakapolitoa utakuwa mwongo mbele ya kijiji kizima, na hata yale uliyosema kweli hayatasikika.

Jambo la pili linalohitaji uamuzi wa wote ni mashamba yaliyotelekezwa. Ukungu wa ubwiriunga unapenda tishu changa. Nje ya msimu wa maua unajihifadhi kwenye machipukizi yanayoota shinani na ndani ya mwavuli wa mti. Juni baridi ikiingia, unatoka huko na kuvamia maua. Mwenye shamba yuko Dar es Salaam, hajalifyeka miaka mitatu, na jirani yake anapuliza kila mwaka bila kupumua. Huyu jirani hahitaji somo, anahitaji sheria ndogo.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya 1982 inakipa kijiji nguvu hiyo. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, inaitisha mkutano mkuu wa kijiji kupokea maoni ya wakazi, inapitisha, kisha rasimu inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo huna kitu, na faini utakayotoza inaweza kurudishwa. Rasimu iwe fupi: machipukizi ya ndani yaondolewe kabla ya mwisho wa Mei, mwenye shamba aliye mbali apewe taarifa kwa barua kupitia ofisi ya mtendaji, asipojibu kikundi fulani kifanye kazi hiyo kwa gharama iliyotajwa. Andika wazi kwamba kusafisha shamba la mtu hakumpi msafishaji haki juu ya ardhi wala mikorosho. Usipoweka sentensi hiyo rasimu itakwama, kwa kuwa hofu ya kunyang'anywa shamba huku ni kubwa kuliko hofu ya ugonjwa wowote.

Kuhusu mkutano wenyewe: usikubali kuwekwa kwenye "mengineyo". Ajenda ya mapato na matumizi ikishasomwa, watu wamechoka na wamekasirika, kina mama wameshakwenda kupika, na waliobaki wanataka kumtoa mtu. Ongea na mwenyekiti wiki mbili kabla, uwekwe ajenda ya tatu. Lete matawi mawili yaliyokatwa asubuhi ile, moja la mti uliopulizwa na moja la usiopulizwa, yapite mkono kwa mkono. Msemaji awe yule mkulima aliyekuwa akikupinga. Wewe ujibu maswali. Najua umesoma na ungependa kusimama mbele. Vumilia.

Mtendaji aliposema hana maelekezo kutoka juu, alikuwa anakwambia ukweli wa kazi yake. Mpe kitu cha kupeleka juu. Muhtasari wa mkutano wenye azimio, uliosainiwa na kugongwa muhuri, unakwenda kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kutoka hapo diwani anaubeba mpaka baraza la madiwani. Diwani hana muda wa kurasa 20. Mpe ukurasa mmoja: tatizo, miti mingapi, kilo ngapi, shilingi ngapi, mnaomba nini.

Na hapa ndipo wasomi wengi tunapoanguka, kwenye kalenda. Ugonjwa unaanza Juni. Watu wanaanza kulia Julai na Agosti, maua yakiungua. Lakini mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango yake ilianza kukusanywa vijijini miezi ya mwisho ya mwaka uliopita, ikapita halmashauri mwanzoni mwa mwaka. Ukipiga kelele Agosti, fedha zimeshagawanywa, utaambiwa "tumepokea". Mavuno na minada vinaanguka kuanzia Oktoba, wakati watu wana namba za mizani mkononi na mfukoni mna kitu. Huo ndio wakati wako. Mnada wa kwanza ukipigwa, pima miti yako 20, itisha mkutano Novemba, kata ipokee Desemba. Umechukua mazao ya msimu mmoja ukayaingiza kwenye bajeti ya msimu unaofuata.

Tahadhari moja ya kisheria. Usichukue miti 20 ya kijiji kimoja ukatangaza kwamba "wilaya nzima inapoteza nusu ya korosho". Sheria ya Takwimu ya 2015, inayogusa utangazaji wa takwimu, ilibanwa sana mwaka 2018, kisha ikalegezwa 2019, lakini hata kusingekuwa na sheria, huo si uaminifu. Sema: mikorosho 20, kitongoji hiki, msimu huu. Udogo wa namba yako ukiutaja mwenyewe, hakuna atakayekushika nao.

Sisi watu wa Mtwara tunajua taarifa zikichelewa inakuwaje. Habari ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam iliingia mitaani kabla ya maelezo kuwafikia watu kwa lugha wanayoielewa, na Mei 2013 mji ukawaka. Futi za ujazo za gesi hazikumjibu mtu aliyekuwa anauliza kiwanda kitajengwa wapi na mwanawe ataajiriwa lini. Nasema kwa uchungu, kwa sababu maswali yale yalikuwa halali na yangeweza kukaliwa mezani mapema. Mtaalamu anayeleta majibu ambayo hakuulizwa, na kuyapuuza aliyoulizwa, anachochea moto hata kama kila namba yake ni sahihi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usirudi mkutanoni mwezi huu. Nenda kwa yule mzee aliyeanza kukuzomea. Salimia, kaa, kunywa maji, muulize shamba lake lilizaa magunia mangapi kabla ubwiriunga haujaingia, na andika atakachosema. Kisha muombe mikorosho 20 upande wa njia, minne ya kusini ibaki bila salfa. Mfuko mmoja wa kilo 25 kwa miti 16 kwa mizunguko minne unatumia kilo 16, unabaki na kilo 9. Hizo 9 mwachie yeye.