Barua kwa mwanangu: mwache na jina lake

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na nimeona ulivyozunguka na habari za ukumbi na mapambo kabla ya kulifikia jambo lenyewe. Kwamba mchumba wako amekwambia waziwazi kuwa hata mkishafunga ndoa ataendelea kutumia jina la baba yake. Kwamba baba zako wadogo wamepata habari na wanasema umekaliwa kabla hata hujaoa. Sasa unaniuliza: mke achukue jina la mume, au asichukue? Na kwa kuwa mimi nilichukua la baba yako, unatarajia nitakuwa upande wako.

Niko upande wako, na ndiyo maana nakwambia mwache na jina lake.

Hoja unayoishikilia zaidi ni ile ya "mwili mmoja". Basi fungua Mwanzo 2:24 uusome mstari wote. Anayeambiwa amwache baba yake na mama yake pale ni mwanamume. Mke haambiwi abadili chochote. Kwa Waislamu jambo hili wala halizui ubishi kama wako: Bibi Aisha aliolewa na Mtume akabaki binti Abubakar, Hafsa akabaki binti Umar. Rais Samia Suluhu Hassan ana mume, na jina la mume huyo hulioni popote ndani ya lake. Kwa hiyo ukitaka kubishana na mwenzako, tafuta hoja nyingine, hii ya dini haitakubeba.

Baba zako wadogo nao wanasema ndivyo dunia nzima ilivyo, tena tangu enzi za mababu. Waulize mama yao aliitwaje. Bibi yako aliitwa binti wa baba yake mpaka anazikwa, na sijasikia mtu akisema babu yako alikaliwa. Huko duniani wanakokusema nako, Mhispania akiolewa hubaki na majina yake mawili, na Wachina na Wakorea vivyo hivyo. Ufaransa, tangu 1794, jina la raia mbele ya sheria ni lile la cheti cha kuzaliwa. La mume mke hulitumia akipenda, cheti hakiguswi. Kule Quebec, Kanada, tangu 1981 ndoa haimbadilishii mtu jina kabisa, hata kama bibi harusi mwenyewe analitamani. Japani ndiyo iko kinyume: sheria inataka wanandoa wawe na jina moja la ukoo. Haisemi liwe la mume, ila katika ndoa kama 95 kati ya kila 100 anayebadili ni mke, na Mahakama ya Juu yao imeiacha sheria hiyo isimame mwaka 2015 na tena 2021. Lakini hata huko si mambo ya mababu. Mwaka 1876 serikali yao iliagiza wake wabaki na majina ya kwao, amri ikageuzwa 1898.

Haya tunayoyaita ya kawaida yalienea sana kwa mkono wa Uingereza. Katika sheria yao ya zamani mwanamke akiolewa alimezwa na mume mbele ya mahakama. Mali yake ikawa ya mume, ujira wake hivyohivyo, na mkataba hakuweza kuufunga kwa nafsi yake. Sheria ya 1882 ilimrudishia mali. Jina likabaki palepale kama mazoea, bila ile sheria iliyokuwa nyuma yake. Marekani palikuwa na Lucy Stone, mtetezi wa haki za wanawake, aliyeolewa 1855 akakataa kubadili jina, na mumewe hakuona shida. Walioona shida ni watu wa ofisini: mwaka 1879, alipotaka kupiga kura ya bodi za shule huko Massachusetts, walimkatalia kwa sababu hakujiandikisha kwa jina la mumewe. Unaona? Ndani ya nyumba palikuwa shwari.

Na ofisini ndiko ninakotaka nikupeleke, maana wewe unaongea habari za heshima na mwenzako nadhani anafikiria karatasi. Vyeti vyake vya shule vina jina la kwao. Leseni ya kazi yake, akaunti ya benki, pasi ya kusafiria, namba ya kodi, bima, vyote vina jina lilelile. Akibadili, habadili mara moja. Anaanza na kitambulisho, kisha kila ofisi inataka kuona cheti cha ndoa na kitambulisho kipya, na ile iliyochelewa inakuwa inamjua mtu asiyekuwepo. Mimi nilibadili kwa hiari yangu na silijutii jina la baba yako. Nimelizoea kiasi kwamba nikisikia la kwetu likiitwa nadhani anaitwa mama yako mdogo. Lakini vyeti vyangu vya shule havikubadilika, na mpaka leo natembea na hati ya kiapo inayosema fulani na fulani ni mtu mmoja. Nilipofuatilia mafao yangu ya uzeeni, faili lilikwama muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, na karani akaniuliza kwa upole kabisa kama nina uhakika kuwa huyo binti wa kwenye cheti ni mimi. Wakati ule hakuna aliyenitajia habari hizi. Mwenzako amejitajia mwenyewe kabla ya kusaini, na wewe unaona ni dharau.

Kuna jambo jingine ambalo ni chungu kulisema kabla ya harusi, lakini mimi ni mama yako. Mwenye kumpa mke jina anaweza siku moja kulidai. Wangari Maathai alipoachana na mumewe mwaka 1979, mume alitaka asitumie tena jina lake. Yeye akaongeza herufi moja, "a", akaendelea na kazi, na kwa jina hilo akapokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Angela Merkel alizaliwa Kasner. Merkel ni jina la mume wa kwanza, waliyeachana 1982. Aliitawala Ujerumani miaka 16 kwa jina la mwanamume huyo, huku mume aliye naye nyumbani anaitwa Sauer. (Huyo bwana Sauer nampa pole na heshima kwa pamoja.) Sikuombei hayo. Nataka uone tu kwamba mtu akishajenga kazi juu ya jina, jina linakuwa mali yake, na kulihamisha kuna gharama ambayo wewe hulipi hata senti.

Je, hakuna sababu nzuri ya kubadili? Zipo. Kuna anayetaka nyumba nzima iitwe jina moja, na kuna ambaye jina la baba linamkumbusha mtu aliyemtelekeza, akafurahi kulitua. Wengine huunganisha yote mawili, japo fomu nyingi hazina nafasi ya jina refu namna hiyo. Hayo yote ni mazuri mwanamke akiyachagua. Jina ulilolidai mpaka ukapewa litakupa nini? Na sikuulizi kama wewe ungekubali kuchukua la kwao. Najua ungekataa na baba yako angezimia.

Umeandika pia, "Kama ananipenda, kwa nini alikatae jina langu?" Hapo ndipo niliposimama nikasoma tena. Swali hilo halihusu jina. Unaogopa hakupendi vya kutosha, au unaogopa watu watakuonaje kanisani yakitajwa majina mawili. Kama ni la kwanza, mwulize hivyohivyo, usilipitishie kwenye fomu za ndoa. Kama ni la pili, baba zako wadogo niachie mimi.

Mnachotakiwa kukikalia kitako ni majina ya watoto, kwa kuwa hilo ni tofauti na jina la mama yao na watu hulichanganya. Mnaweza kuwapa lako, lake, au yote mawili pale sheria inaporuhusu. Wakipata lako peke yake, mama yao akisafiri nao bila wewe abebe nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa, maana baadhi ya maofisa mipakani huuliza mtoto ni wa nani. Kwa tiketi za fungate ni rahisi zaidi: kateni kwa jina lililo kwenye pasi yake sasa, basi. La watoto lizungumzeni mwezi huu. Msilingojee siku ya kujaza fomu hospitalini, mmoja amechoka, mwingine amechanganyikiwa, na karani anawasubiri.

Mama yako